"Mbona Sisi Tulipona?" Usalama na Afya ya Mtoto katika Vizazi Vitatu vya Makongeni

Aghalabu wazee waliolelewa katika mitaa ya mashariki ya Nairobi wanapokutana, iwe arusini au matangani, mazungumzo huishia kwenye utoto wao. Mmoja atakumbuka jinsi walivyocheza kando ya reli. Mwingine atasema walikunywa maji ya bomba kwa viganja, walikwea malori ya mizigo na walishinda nje tangu asubuhi hadi taa ziwashwe, wala hapakuwa na mzazi aliyewatafuta. Kisha watawatazama wajukuu waliofungiwa ndani mbele ya televisheni, na mmoja wao atauliza: "Mbona sisi tulipona?"

Katika makala haya nakusudia kulichunguza swali hilo kama mwanahistoria anavyochunguza hati. Nimelisikia mara nyingi kwa watu wa Makongeni, mtaa alikoishi babu yangu, mfanyakazi wa reli, na alikozaliwa mama yangu. Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba sina nia ya kuwakejeli waulizaji. Nionavyo mimi, swali lao lina ukweli ndani yake, ila ukweli huo si ule wanaoudhania. Kitenzi *kupona* katika Kiswahili kina maana mbili zinazokaribiana: kutoka katika ugonjwa, na kuokoka katika hatari. Hakuna aponaye pasipo kuwapo jambo la kumdhuru. Kwa hiyo asemaye "tulipona" amekwisha kukiri, bila kujua, kwamba hatari ilikuwako. Kiwakilishi *sisi* nacho hakina budi kuulizwa: ni akina nani waliomo? Wote wawezao kuketi katika mazungumzo hayo ni wale walioishi. Wengine hawakualikwa.

Makongeni iko kusini ya Barabara ya Jogoo, ambayo zamani za ukoloni iliitwa Doonholm Road, ikipakana na Kaloleni na Mbotela, na nyuma yake ni reli na eneo la viwanda. Jina lenyewe, kwa umbo lake, lamwelekeza msikilizaji penye makonge. Nyumba zake zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika wa reli, na hapo ndipo historia ya mtoto wa Makongeni inapoanzia, kwa sababu mji wa kikoloni haukumjengea mtoto. Nairobi ilimtaka mwanamume aje afanye kazi, kisha arudi kwao. Mshahara wake ulikadiriwa kwa tumbo lake peke yake. Kamati ya Carpenter, iliyochunguza mishahara ya Waafrika mwaka 1954, ilipendekeza kuwa mshahara wa chini uhesabiwe kwa mahitaji ya mtu mwenye familia. Mwaka huohuo, tarehe 24 Aprili, operesheni iliyoitwa Anvil ilianza kuwazoa maelfu ya wakazi wa Nairobi, wengi wao Wakikuyu, na kuwatia vizuizini. Mtoto basi aliingia mjini kwa mlango wa nyuma. Nyanya yangu alipomfuata mumewe katikati ya miaka ya hamsini, alikikuta chumba kimoja, na bomba na choo vya kushirikiana na majirani. Katika chumba hicho walilala wazazi, watoto, na daima mgeni mmoja aliyekuja kutafuta kazi.

Nilipomwuliza nyanya alizaa watoto wangapi, alinijibu: "Niliwazaa tisa. Watano walikaa." Sikumwelewa upesi. Kitenzi *kukaa* hapa ni kuishi, na wale wanne wengine "hawakukaa", kana kwamba walikuwa wageni walioaga mapema. Mmoja alikufa kwa surua, wawili kwa kuhara, na wa nne kwa ugonjwa alioueleza kwa neno degedege. Hakutaja siku wala miezi. Hakuna rejista yoyote niliyopata kuiona yenye majina yao, nami sidhani kwamba yote manne yaliandikwa. Alizaa wanne kati ya tisa katika hospitali ya Pumwani, ambayo asili yake ni kituo cha uzazi cha Lady Grigg kilichoanzishwa mwaka 1926. Waliosalia aliwazaa bara, kwa kuwa desturi ilimtaka arudi kwao.

Hata hivyo, zipo hati nyingine ambazo wanahistoria hawazitumii sana, nazo ni majina ya watu. Katika orodha ya darasa lolote la Eastlands atakutwa Owiti au Awiti, na atakutwa Makokha. Owiti na Awiti ni majina ya Kijaluo yatokanayo na tendo la kutupa. Mtoto aliyezaliwa baada ya nduguze kufa alitupwa nje kwa ishara, kisha akaokotwa na mtu mwingine, ili mauti yaliyowazoea watoto wa nyumba ile yasimtambue kuwa wa pale. Makokha, kwa Waluhya, humrejesha mtu jaani, mahali pa kutupia taka, kwa sababu hiyohiyo. Haya yalikuwa majina ya kinga. Mama aliyefiwa hakuwa na dawa, lakini alikuwa na lugha, akaitumia kumficha mwanawe. Leo majina hayo yamekuwa ya ukoo. Mtoto huitwa Makokha kwa kuwa babu yake aliitwa hivyo, na wala hakuna aliyekufa kabla yake. Jina limeishi kuliko msiba uliolizaa. Mzee aulizaye mbona walipona huenda analo jibu katika kitambulisho chake.

Baada ya kinga ya jina, ilikuja kinga ya mkono. Neno *chanjo* lastahili kuangaliwa kwa makini, maana linatueleza kwa nini wazazi wengi hawakuiona sindano kuwa jambo geni kabisa. *Kuchanja* asili yake ni kukata au kupasua: huchanjwa kuni, na huchanjwa chale. Mganga alimchanja mtoto kwa wembe na kumpaka dawa katika chale, ili madhara yakimjia yakute mwili umekwisha kulindwa. Dawa ya ndui ilipoletwa na serikali, nayo iliingizwa kwa kuikwaruza ngozi, hata neno la zamani likafaa bila kubadilishwa. Baadaye tendo lilibadilika na neno likabaki. Mtoto alidungwa sindano, na bado tukasema amechanjwa. Chanjo ya kupooza ikawa tone linalodondoshwa mdomoni, pasipo kukata chochote, na bado ni chanjo. Maana imehama kutoka kwenye wembe ikaenda kwenye kusudi. Ni mfano mzuri kwa wenzangu wafundishao semantiki, na nashangaa kwamba hatuutumii mara kwa mara.

Mikono ya nyumba yetu yaweza kusomwa kama kumbukumbu za maktaba. Nyanya alikuwa na kovu la ndui karibu na bega. Mama anayo makovu mawili, la ndui begani na la kifua kikuu katika kigasha cha mkono wa kushoto. Mimi ninalo la kigasha tu. Sikuchanjwa ndui kwa kuwa mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida aliugua Merca, nchini Somalia, mwezi wa Oktoba mwaka 1977, na ugonjwa ule ukatoweka duniani. Mwaka 1980 Kenya ilianzisha mpango wake wa kitaifa wa chanjo, na majina kama dondakoo, kifaduro na pepopunda yakaanza kuonekana zaidi katika mabango ya kliniki kuliko vinywani mwa akina mama. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza hunitaka niwaeleze dondakoo ni nini. Neno linalohitaji kuelezwa hivyo ni ushahidi wa kihistoria ambao hakuna takwimu inayoushinda.

Kuhara nako kulipata mpinzani ambaye hakuhitaji hata sindano. Mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi wa Bangladesh waliokimbilia India, daktari Dilip Mahalanabis aliwapa wagonjwa maji yenye chumvi na sukari ya aina ya glukosi, akaokoa watu wengi waliokuwa wafe kwa kukauka. Elimu hiyo ilifika mpaka chumba kimoja cha Makongeni: maji safi lita moja, vijiko vidogo sita vya sukari, na nusu kijiko cha chumvi. Mama alivihesabu kwa sauti kila alipovitia, nasi tukavikariri kama jedwali la kuzidisha. Nyanya alikuwa akimtazama kimya. Vitu vyote vitatu vilikuwamo nyumbani mwake siku wale wawili walipokufa.

Lakini isidhaniwe kwamba historia hii imepanda tu kama ngazi. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 1989, mwaka niliozaliwa mimi, ulikadiria kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini Kenya, 89 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Uchunguzi wa mwaka 2003 ulikuta 115. Katika kipindi hicho UKIMWI ulikuwa umeingia majumbani, na tangu Desemba 1989 serikali ilikuwa imeanza kutoza ada katika hospitali na vituo vya afya, ikaisitisha mwaka 1990, kisha ikairudisha. Shangazi yangu alirudishwa kutoka zahanati moja akiwa na mtoto mwenye homa kwa kukosa fedha za kadi. Mtoto alipona, naye sasa ni mmoja wa waulizaji wa "mbona sisi". Hesabu ilishuka tena baadaye, na uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta 41. Kati ya 89 na 41 pana kilima cha makaburi ambacho wasimulizi wa maendeleo hukiruka.

Tena hesabu ya taifa huficha ya kitongoji. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2000 katika vitongoji duni vya Nairobi ulikuta vifo 151 katika kila watoto 1,000, ilhali wastani wa jiji lote, kwa uchunguzi wa 1998, haukuzidi 62. Chanjo zilikuwa zilezile na jiji lilelile. Kilichotofautiana ni maji, vyoo na nafasi ya kulala. Nilipokuwa Uingereza nikisomea shahada ya uzamili, nilisoma kwamba mwaka 1900 huko England na Wales watoto takriban 150 katika kila 1,000 walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na kwamba idadi hiyo ilipungua sana kabla ya chanjo nyingi kuwapo, kwa maji safi, mifereji ya uchafu na maziwa yasiyooza. Kwa hiyo zile nyumba za reli, pamoja na ubaya wake wote, kwa kuwa na bomba tu ziliwapa watoto wake jambo ambalo majirani wa mabati walilikosa. Msongamano, hata hivyo, uliyaacha maradhi ya kuambukizana yatembee. Naongeza hapa, ingawa si mada yangu, kwamba msongamano uleule ulioeneza surua ndio uliokuza Sheng.

Sasa nirudi kwa wazee, maana wanayo hoja. Wanaposema zamani mtoto alikuwa salama nje, hawasemi uongo. Barabara ya Jogoo ya miaka ya hamsini haikuwa na matatu. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni za uchukuzi, zikaongezeka sana, na barabara iliyokuwa ya kuvuka kwa matembezi ikawa ya kuvuka kwa mbio. Kanuni za mikanda na vidhibiti mwendo zilikuja Februari 2004. Magari hayo yalileta pia hatari isiyoonekana: hadi Kenya ilipoacha petroli yenye risasi, mnamo mwaka 2006, mtoto wa kando ya barabara aliivuta madini hiyo kila siku. Neno *risasi* ukilitaja Eastlands, msikilizaji hufikiri bunduki, wala hatukuwahi kuwa na neno jingine la kumwonya mama juu ya moshi. Na ndani ya nyumba palikuwa na mafuta ya taa, aghalabu katika chupa ya soda, ambayo mtoto mwenye kiu aliijua kwa umbo lake.

Dhidi ya hatari hizi hakuna chanjo. Kilichokuwako ni macho ya majirani. Mama yangu asema kwamba mtu mzima yeyote aliyemwona karibu na reli aliweza kumkemea, hata kumchapa, na akifika nyumbani alichapwa mara ya pili kwa kuwa habari ilimtangulia. Ulinzi huo ulikuwa wa kweli. Ila haukukosa giza lake: macho hayohayo yaliweza kufumbwa mdhuru wa mtoto alipokuwa mtu wa heshima, na mambo ya namna hiyo yalimalizwa kwa minong'ono. Wazee hawayasemi matangani. Nimemsikia mwanamke mmoja tu akiyataja, akanyamazishwa.

Mwaka 2006 mali nyingi za ardhi na nyumba za reli zilikabidhiwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa shirika hilo, na mwaka 2025 wapangaji wa Makongeni walitakiwa kuhama ili pajengwe nyumba za mpango wa serikali wa nyumba nafuu. Binamu yangu alihamia Kayole na watoto wawili. Katika mfuko wa plastiki alivibeba vyeti vyao vya kuzaliwa na vitabu vyao vya kliniki, kila chanjo imeandikwa tarehe. Alipofika, jambo la kwanza alilolifanya ni kufunga kitasa kipya mlangoni, kwa sababu, alivyoniambia, "huku hakuna mtu anayewajua." Nilimwuliza kama atawaruhusu wacheze nje. Alisema ataangalia kwanza. Mdogo wao amepewa jina la babu yetu, na babu yetu aliitwa Makokha.