Teke la Rivolva

Kisa hiki kilianzia kwenye ukurasa wa 43 wa riwaya yangu. Riwaya yenyewe haijachapishwa, na kwa jinsi mambo yanavyokwenda huenda ikabaki katika yale madaftari makubwa manne niliyoiandikia. Katika ukurasa huo shujaa wangu, Inspekta Jero Makame, amesimama juu ya paa la ghala bandarini, sigara mdomoni. Anachomoa rivolva aina ya Magnum kwa mkono mmoja, risasi sita, majambazi sita chini. Kisha kwa mkono uleule anawasha kiberiti, maana sigara ilizimwa na upepo.

Niliipenda sana sura ile. Nikaipeleka kwa mzee mmoja jirani yetu hapa Magomeni, askari mstaafu na msomaji mkubwa wa riwaya za upelelezi. Huyu amewasoma wote, Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa, tena kwa kurudia. Nikamwamkia, nikamkabidhi daftari, nikakaa kwenye benchi kusubiri sifa. Alipofika ukurasa wa 43 akavua miwani.

"Mwanangu, huyu mtu wako hana mifupa?"

"Anayo, mzee."

"Basi bastola yake haina baruti. Chagua moja."

Akaniambia ninyooshe mkono na kutanua vidole. Akanipiga pigo moja kwa ubavu wa kiganja chake, pale kwenye ngozi kati ya gumba na kidole cha shahada. Aisee, nilishika mkono mpaka jioni. "Hiyo ni thelathini na nane, ndogo tuliyopewa sisi," akasema. "Hiyo ya kwako sijawahi kuishika, na wala sitaki."

Nilirudi nyumbani na hasira. Mimi ni kijana wa kidato cha nne, fizikia ilinishinda, lakini Newton ninamkumbuka: kila kani ina kani pinzani iliyo sawa nayo. Basi nikapiga hesabu. Risasi ya .44 Magnum ina uzito wa gramu 15 na nusu hivi, nayo hutoka mdomoni mwa mtutu kwa mwendo wa mita zaidi ya 400 kwa sekunde. Bastola yake ina kilo moja na theluthi. Maana yake chuma hicho kinataka kurudi nyuma kwa karibu mita 5 kila sekunde, na hapo bado sijahesabu msukumo wa moshi wa baruti. Chukua chuma cha kilo moja na ushei, kifunge mbele ya baiskeli inayokwenda kasi, halafu ukisimamishe kwa ngozi ya gumba. Tena kwa kuwa mtutu uko juu ya kiganja, bastola hairudi nyuma tu, inainuka pia na kukisokota kifundo cha mkono.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za rivolva kwa jicho lingine. Historia yake wengi huiandika kama historia ya risasi, nani alipiga mbali, nani alipiga kwa nguvu. Mimi naiona ni historia ya kiganja.

Samuel Colt alipata hataza yake ya Marekani mwaka 1836. Rivolva zake za kwanza zilikuwa nyepesi na dhaifu, na kiwanda chake cha Paterson kikafilisika. Kilichomwokoa ni vita vya Marekani na Mexico. Kapteni Samuel Walker, aliyewahi kupigana Texas, alimtaka atengeneze bastola yenye nguvu zaidi, na mwaka 1847 ikatoka ile inayoitwa Colt Walker. Ilikuwa dude kwelikweli, mtutu wa inchi 9 na uzito wa kilo 2. Hakuna aliyeivaa kiunoni. Ilibebwa kwenye tandiko la farasi. Ngoma za baadhi yake, yaani ile sehemu inayozunguka yenye matundu ya risasi, zilipasuka kwa wingi wa baruti. Lakini mkono wa mpigaji ulikuwa salama kuliko unavyodhani, kwa sababu ya uzito uleule uliomchosha farasi. Chuma kizito husukumika polepole. Walker mwenyewe hakuifaidi. Aliuawa vitani Huamantla, Oktoba mwaka huohuo.

Ndipo watu wakataka kitu cha kuvaa kiunoni. Colt ya mwaka 1873, ile ya wachunga ng'ombe wa sinema, ilikuwa na karibu nusu ya uzito wa Walker. Hapa ndipo nilipogundua akili ya ajabu. Mpini wake umepinda kama mshikio wa plau. Ukifyatua, haupigani na kiganja chako, unajiviringisha ndani yake, mtutu unaelekea mbinguni, na nyundo inashuka mpaka chini ya gumba lako tayari kuvutwa tena. Badala ya kulizuia teke, waliliachia njia. Warusi hawakupenda mambo hayo ya kuviringika. Walipoagiza rivolva zao kwa Smith & Wesson miaka ya 1870, walitaka mpini uwe na nundu juu, nyuma, ili mkono usipande. Watu wawili, maradhi mamoja, dawa mbili kinyume.

Waingereza nao walipita njia yao. Rivolva yao ya Webley ya .455 ilipigana Vita Kuu ya Kwanza, na toleo la mwaka 1915 likapewa mpini mpana wa mraba wa kujaza kiganja. Baada ya vita wakubwa wa jeshi wakakiri jambo ambalo majeshi hayapendi kukiri: askari aliyefunzwa kwa haraka hawezi kuimudu bastola ile. Miaka ya 1930 wakahamia .38, risasi ndogo isiyo na teke kali. Waliulinda mkono kwa kuipunguza risasi. Na namba hiyo ndiyo aliyoitaja mzee.

Wakati huo Marekani walikuwa wanakwenda kinyume kabisa. Smith & Wesson walitoa .357 Magnum mwaka 1935, na kuna mtu mmoja wa Idaho hakuridhika. Huyu Elmer Keith nimemfikiria sana. Akiwa mtoto aliungua vibaya katika moto huko Missoula, Montana, mkono wake wa kushoto ukaharibika. Mtu mwenye mkono wa namna hiyo ndiye aliyetumia miaka mingi akishindilia baruti kwenye maganda ya risasi, akapasua bastola kadhaa, na kuwaandikia wenye viwanda kwamba inawezekana kutengeneza kali zaidi. Mwishoni mwa 1955 wakamkubalia, ikazaliwa .44 Magnum. Kama ningemtunga mimi katika riwaya, mngesema nimezidisha chumvi.

Wapiga shabaha wana masimulizi kwamba wengi walioinunua waliirudisha dukani ikiwa na boksi lake la risasi hamsini, zimebaki arobaini na nne. Raundi moja tu ilitosha! Tatizo halikuwa kiganja peke yake. Nyuma ya kikinga-kifyatulio palikuwa na uwazi, na kila risasi chuma kilikuja kugonga fundo la kidole cha kati. Watu wakajaza uwazi ule kwa vipande vya chuma na mipini minene ya mbao. Ile mbao iliyochorwa vimistari ili isiteleze ikageuka tupa, inachubua. Ndipo ikaja mipini ya mpira, na glovu za ngozi zenye sponji kiganjani. Ukimwona mpigaji wa kweli wa bastola hizi leo uwanjani pa shabaha, kavaa glovu, kashika kwa mikono miwili, viwiko vimelegea kidogo ili teke lipande mpaka mabegani badala ya kuishia kwenye kifundo. Kidole gumba cha pili anakiweka mbali na ule mwanya kati ya ngoma na mtutu, maana pale panatoka moto. Katika rivolva kubwa moto huo hukata nyama.

Sasa mimi Jero wangu nilimtoa wapi? Nilimtoa kibanda umiza, kwenye Dirty Harry ya mwaka 1971, niliyoitazama nikiwa darasa la sita. Clint Eastwood anatembea katikati ya barabara anatafuna chakula chake, .44 mkononi. Filamu ile iliwafanya Wamarekani waigombanie bastola hiyo madukani. Lakini nendeni mkaitazame ya pili, Magnum Force ya 1973. Pale uwanjani pa shabaha Harry mwenyewe anawaambia askari vijana kwamba anatumia risasi iliyopunguzwa nguvu, ili aimudu. Nimeitazama ile mara nne utotoni na sikusikia. Nilikuwa natazama mtutu.

Na mwaka 2003 Smith & Wesson hao hao wakatoa rivolva ya .500, kubwa kuliko zote walizowahi kutengeneza. Waliulindaje mkono? Mpira laini kwenye mpini, matundu mdomoni mwa mtutu ya kuutoa moshi, na uzito: ile yenye mtutu mrefu ina kilo 2. Uzito wa Colt Walker! Miaka 156 ya ufundi, tumerudi kwenye tandiko la farasi.

Nilirudi kwa mzee na hizi habari zote, nikidhani nimemaliza. Akanisikiliza, akaniuliza swali moja. "Je, risasi ya pili?"

"Risasi ya pili imefanyaje, mzee?"

"Ya kwanza kila mtu anapiga vizuri, hajui kinachokuja. Ya pili mkono umeshajua. Unabana kabla ya wakati, macho yanafumba, risasi inakwenda chini." Akanieleza kwamba mkufunzi wao alikuwa akiacha tundu moja tupu kwenye ngoma bila kumwambia mwanafunzi. Nyundo ikigonga patupu, bastola inatakiwa itulie. Mkono wa mwoga utaruka wenyewe, bila mlio wowote, na kikosi kizima kitacheka. "Mimi niliruka," mzee akasema. "Miezi miwili niliruka. Na nilikuwa sitaki mtu ajue."

Nimeuchana ukurasa wa 43. Katika ule mpya Jero ameshika kwa mikono miwili, risasi ya kwanza imempata jambazi, ya pili imekwenda baharini. Anajificha nyuma ya pipa na kuutazama mkono wake wa kulia unavyotetemeka, damu inatoka kwenye fundo la kidole cha kati, na majambazi bado watano. Kiberiti kimemshinda. Daftari liko kwa mzee tangu Jumapili, na safari hii ameazima kalamu nyekundu ya mjukuu wake.