Kisu cha Kukunja cha Bei Rahisi: Ununue au Upite?

Msomaji, ukikatiza mitaa ya Ngamiani jijini Tanga, utawakuta machinga wamepanga kufuli, tochi, nyembe na visu vya kukunja. Unatoa noti ya elfu kumi, unaondoka na kisu na chenji yako juu. Swali ni dogo tu: ununue au upite?

Watu wa pwani hii wamekuwa wakijiuliza swali hilo kwa takriban miaka 2,000. Hebu tuanzie huko, kwa sababu historia ndiyo inayotuonyesha tuangalie nini tunapokishika kisu mkononi.

Visu vilivyokuja na meli

Karne ya 1 BK, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari za bahari uitwao Periplus. Soko la mwisho analolitaja huku kwetu ni Rhapta. Wapo watafiti wanaoliweka karibu na mlango wa mto Pangani, wengine wanalisogeza kusini hadi Rufiji. Kinachotuhusu leo ni orodha ya mizigo: mashoka madogo, majambia, vyuma vya kutobolea, na mikuki iliyotengenezwa Muza, bandari ya Yemen, mahsusi kwa ajili ya soko hili. Meli zikarudi na pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa.

Yaani biashara ya kutengeneza vyuma vyenye makali ng'ambo, kwa kumlenga mnunuzi wa hapa, haikuanza na kontena za juzi.

Chuma cha nyumbani

Usidhani lakini kwamba watu wa huku walikaa tu wakisubiri meli. Al-Idrisi, mwanajiografia aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154, aliandika kwamba watu wa Malindi wana machimbo ya chuma, na kwamba chuma kinawaingizia faida kubwa. Na ukilifuata bonde la mto Pangani kwenda bara, unafika Ugweno, Upare Kaskazini. Huko ukoo wa Washana, mafundi wa chuma, ndio waliotawala kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Chuma cha Ugweno kilivuka hadi Uchagani. Aliyejua kukitoa chuma kwenye udongo alikuwa mtu mkubwa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya akili. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, na tanuri la udongo lenye mkaa na viriba halifiki huko. Kwa hiyo kilichotoka hakikuwa uji wa chuma. Lilikuwa bonge lenye vitundu, limechanganyika na taka, ambalo mhunzi alilipiga nyundo mpaka likasafika. Ndani ya tanuri, kaboni ya mkaa iliingia kwenye chuma, sehemu nyingine nyingi, sehemu nyingine kidogo. Mhunzi hodari alijua kipande kipi kinafaa jembe na kipi kinafaa kisu.

Okapi, kisu cha makoloni

Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga kwenda Usambara, na mwaka 1902 ikafika Korogwe. Mwaka huohuo wa 1902, Ujerumani ilianza kutengeneza kisu cha kukunja kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni yake ya Afrika. Kubwa kuliko yote lilikuwa hili letu. Kisu kikaitwa Okapi, jina la mnyama wa misitu ya Kongo ambaye wanasayansi wa Ulaya walikuwa wametoka tu kumtambua mwaka 1901.

Pengine umeshakiona: mpini wa mbao wenye nakshi za mwezi na nyota, na kipete cha chuma mgongoni unachokivuta ili bapa liachie. Tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Kimefika hadi Jamaika. Kitu cha bei ya chini kimedumu zaidi ya miaka mia moja! Kwa nini? Kwa sababu mpini ni mbao ya kawaida na umaliziaji hauna madoido, lakini bapa ni chuma cha kaboni, ambacho ni rahisi kukifanya kigumu na rahisi kukinoa.

Moto usioonekana

Hapa ndipo sayansi inapoingia. Chuma cha kisu kwa kawaida kina kaboni kati ya asilimia 0.5 na 1. Ukikipasha moto hadi nyuzi 800 hivi, kisha ukakizima ghafla kwenye mafuta au maji, kaboni inanaswa katikati ya atomu za chuma na kukikaza. Kinakuwa kigumu, ila kinavunjika kama kioo. Kwa hiyo kinapashwa tena, safari hii nyuzi 200 hivi, ili kipunguze ukakamavu. Kiwanda kikiruka hatua moja, kisu kitapinda au kitameguka, na kwa kukitazama tu huwezi kujua.

Vipi vile vinavyong'aa, vilivyogongwa muhuri kwamba havishiki kutu? Hivyo vimeongezwa kromiamu, angalau asilimia 10.5 hivi. Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alitengeneza chuma cha aina hiyo mwaka 1913, na visu vya mwanzo vikachekwa kwamba vinang'aa lakini havikati. Tatizo lilikuwa moto: chuma kipya kilihitaji joto tofauti na lile mafundi walilolizoea. Hadi leo, kisu cha kung'aa cha bei ya chini kikiwa na kaboni kidogo, hakikai na makali. Na chumvi ya bahari hutoboa hata hicho kinachong'aa.

Sasa, ununue?

Kama ni kumenya machungwa ya Muheza, kukata kamba ya mkonge au kufungua maboksi: nunua, ila kwanza kijaribu. Muuzaji akikuonyesha kinanasa kwenye sumaku, usishawishike. Visu karibu vyote vinanasa, kizuri na kibovu. Kata karatasi, kisha kata kamba mara ishirini, kisha rudia karatasi. Kikianza kuichana badala ya kuikata, kirudishe. Likunjue bapa, litikise kushoto na kulia. Halafu weka vidole mbali na njia yake na ugonge mgongo wake taratibu kwenye ubao. Likijikunja hapo, siku moja litajikunja juu ya vidole vyako.

Chuma cha kaboni kitapata weusi kwa asidi ya chungwa. Hiyo si kasoro. Kifute kikauke, kipake tone la mafuta ya kupikia, na hewa ya bahari haitakishinda.

Lakini kama wewe ni mvuvi, au una ndugu anayeingia baharini, jibu langu ni hapana. Kamba ya nyavu ikikunasa mguu wakati wavu unazama, huna mikono miwili ya kukunjua kisu ambacho bawaba yake imeganda kwa chumvi. Kazi hiyo inataka kisu kisichokunja, kwenye ala, kiunoni. Nacho si lazima kiwe ghali. Mtafute mhunzi anayefua visu kutoka springi za gari. Chuma cha springi kina kaboni ya asilimia 0.6 hivi, kiwango kizuri kabisa kwa kisu. Tena yeye, tofauti na machinga, unaweza kumuuliza uso kwa uso: fundi, hiki umekizimaje?