Jinsi ya kumpa kuku dawa nyumbani bila kumdhuru

Katika maboma ya Ruiri, kaunti ya Meru, ndege wa nyumbani ni kuku wa kienyeji, na mara nyingi tabibu wake wa kwanza ni mwenye boma. Dawa hununuliwa kwenye duka la agroveti na kutolewa na mtu ambaye hajafunzwa kazi hiyo. Kuku aweza kufa kwa dawa aliyopewa ili apone.

Sababu ni umbile lake. Tundu la njia ya pumzi liko papo hapo nyuma ya ulimi, hivyo dawa inayomiminwa kwa pupa huingia mapafuni. Kuku hushikwa wima, mbawa zikiwa zimekunjwa mwilini, kisha bomba la sindano lisilo na sindano hupitishwa pembeni mwa mdomo. Dawa hutolewa matone machache, akaachwa ameze kabla ya kuongezwa mengine. Asibanwe kifua hata kidogo. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama binadamu. Hupumua kwa kuinua na kushusha kidari, na kikibanwa hukosa hewa.

Dawa ya kuchanganywa na maji ni nyepesi kutoa, lakini hudanganya. Kuku mgonjwa hunywa kidogo, ilhali wazima hunywa sana jua linapowaka, hivyo anayeihitaji zaidi ndiye anayeikosa. Ichanganywe upya kila siku kwa kipimo cha kibandiko, wala si kwa kukisia na kijiko, na maji mengine yaondolewe. Dawa za jamii ya tetrasaiklini zisitiwe katika chombo cha mabati wala kuchanganywa na maziwa, kwani madini yaliyomo huzipunguzia nguvu. Chanjo ya kunyweshwa ni kinyume: unga kidogo wa maziwa huilinda dhidi ya klorini ya maji ya mfereji.

Wengi hupoteza fedha kwenye kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle. Huo hauna tiba. Antibiotiki haiui virusi. Kinga yake ni chanjo, na nchini Kenya taasisi ya KEVEVAPI ni miongoni mwa wanaoitengeneza. Chanjo ya I-2, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, huvumilia joto kuliko nyingine, jambo la faida kwa boma lisilo na jokofu, ingawa nayo haifai kuachwa juani. Kila kuku mzima, awe kifaranga au jogoo, hupewa tone moja jichoni, na chanjo hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Aliyekwisha kuugua hataokolewa nayo.

Mayai ya kuku aliye kwenye dawa yasiuzwe wala kupikiwa watoto hadi siku zilizoandikwa kwenye kibandiko ziishe. Kibandiko kikiwa kimechanika, afisa wa mifugo aulizwe kwanza.