MAJINA YA UKOO YA WAIRLANDI

Katika mwaka 1961 watu wa Katanga walisikia mara nyingi majina mawili mageni: Conor Cruise O'Brien, mjumbe wa O.N.U. huko Elisabethville, na Jemadari Seán Mac Eoin, aliyeongoza askari wa O.N.U. katika Kongo yote. Wote wawili walikuwa watu wa Irlandi. Wengi hudhani kwamba O' na Mac ni pambo tu. Sivyo. Mac ni neno la Kiirlandi, maana yake «mwana». Ó maana yake «mjukuu», na tena mzao. Basi Mac Eoin ni mwana wa Yoane, na O'Brien ni mzao wa Brian, yaani mfalme Brian Boru aliyeuawa katika vita ya Clontarf mwaka 1014. Hapo kwanza neno lilikuwa kweli tupu: Toirdhealbhach Ua Briain, aliyefariki mwaka 1086, alikuwa mjukuu halisi wa Brian. Walioshika jina nyuma yake hawakulibadili tena, likawa la ukoo. Binti hasemi Ó wala Mac, husema Ní au Nic.

Wairlandi waliwatangulia watu wengi wa Ulaya katika desturi hii. Jina Ó Cléirigh limo katika kumbukumbu za mwaka 916, nalo latokana na neno la Kilatini clericus.

Hapo msomaji aliye seminarini atashtuka kidogo, naye atashtuka zaidi akisikia mengine. Mac an tSagairt ni «mwana wa padri». Mac an Easpaig ni «mwana wa askofu». Mac an Airchinnigh, ambalo leo huandikwa McInerney, ni «mwana wa msimamizi wa mali ya kanisa». Je, ni matukano ya adui? Sidhani. Ni historia. Monasteri za Irlandi zilikuwa na mashamba mengi, na kazi ya kuyasimamia ilirithiwa katika ukoo mmoja, baba hata mwana. Wasimamizi wengi walikuwa watu wenye wake. Hata kiti cha Mtakatifu Patrisi huko Armagh kilishikwa hivyo. Mtakatifu Bernardo ameandika kwamba watu wanane wenye wake, wasiopata daraja takatifu, walikikalia mmoja baada ya mwingine kabla ya Cellach. Cellach naye alikuwa wa ukoo ule ule, lakini alipokea daraja, na kabla ya kufa mwaka 1129 alimtaja Malaki, mtu wa nje, awe mrithi wake. Ukoo ukakataa, ukampinga Malaki kwa miaka kadhaa. Sinodi za Ráth Breasail (1111) na Kells (1152) zilitengeneza majimbo ya maaskofu. Desturi mbaya ilikomeshwa polepole. Majina yakabaki, nayo hayaoni haya.

Lakini imani imeacha majina mengine mazuri. Giolla ni kijana wa kutumika. Maol ni mwenye kichwa kilichonyolewa kama mtawa. Gildea ni Mac Giolla Dé, mwana wa mtumishi wa Mungu. Kilbride ana ndani yake mtumishi wa Brigita, Gilmartin mtumishi wa Martini. Malone ni Ó Maoil Eoin, mzao wa mtumishi wa Yoane, na ukoo huo ulikuwa karibu sana na monasteri ya Clonmacnoise. Fitzpatrick hudanganya. Fitz ililetwa na Wanormandi waliofika mwaka 1169, nayo ni neno fils la Kifaransa; bali Fitzpatrick ni Mwirlandi kabisa, Mac Giolla Phádraig, mtumishi wa Patrisi.

Tena ikaja sheria ya Waingereza. Mwaka 1465 Wairlandi waliokaa kati ya Waingereza katika Dublin, Meath, Louth na Kildare waliamriwa kutwaa jina la Kiingereza: la mji, la rangi, au la kazi. Katika karne ya 17 wengi waliangusha Ó na Mac. Makarani waliandika walivyosikia, au walitafsiri vibaya. Mac an tSaoir ni mwana wa fundi wa mbao. Wengine waliitwa Carpenter, na hiyo ni sawa, lakini wengine waliitwa Freeman, kwa sababu saor ni pia mtu huru. John Carpenter, Askofu Mkuu wa Dublin tangu 1770 mpaka 1786, alikuwa wa jina hilo.

Mwisho wa karne ya 19, watu walipoanza kuipenda tena lugha yao, wengi waliokota kile kilichoangushwa. Edward Lysaght, aliyezaliwa mwaka 1887, alijirudishia Mac, akawa MacLysaght. Mwaka 1957 alitoa kitabu kikubwa juu ya koo za Irlandi. Wa O'Sullivan wengi wamerudia Ó yao. Lakini wa Murphy, walio wengi kupita wote katika nchi ile, hata leo karibu wote huandika Murphy tu.