Mpaka wa hewa

Mpaka wa hewa ni mahali ambapo hewa ya baridi na hewa ya joto hukutana bila kuchanganyika upesi. Hauonekani kwa macho, ingawa unaweza kuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 1,000. Ukipita juu ya mji, watu huujua kwa upepo kubadili mwelekeo, mawingu kutanda na joto kushuka au kupanda.

Kinachozitenga hewa hizo mbili ni uzito. Fikiria kasha lenye urefu, upana na kimo cha mita moja. Likijaa hewa ya nyuzi 0 za Selsiasi, hewa hiyo huwa na uzito wa kilo 1.29 hivi. Likijaa hewa ya nyuzi 30, uzito hupungua hadi kilo 1.16 hivi. Tofauti yake ni kama mayai mawili ya kuku. Ni ndogo kwa kasha moja, lakini angani makasha ya namna hiyo ni mamilioni kwa mamilioni, kwa hiyo hewa nzito hukaa chini na nyepesi husukumwa juu.

Jambo hili huonekana vizuri kwenye maji. Chombo kirefu cha kioo hugawanywa katikati kwa kipande cha plastiki. Upande mmoja hutiwa maji ya barafu yenye rangi ya buluu, na upande wa pili maji ya vuguvugu yenye rangi nyekundu. Kizuizi kikiondolewa taratibu, maji ya buluu huteleza chini kama mkeka unaokunjuliwa, na mekundu hupanda juu yake. Yanapokuwa yakisonga, kati yao huwa na mstari uliolala mshazari. Mpaka wa hewa nao umeinama hivyohivyo.

Aina za mipaka

Mpaka wa baridi hutokea hewa ya baridi inaposonga mbele. Hujipenyeza chini ya hewa ya joto kama kabari na kuirusha juu. Hewa inayopanda hupoa, mvuke wake hugeuka matone, na mawingu marefu ya radi hujengeka. Mvua yake huwa kubwa lakini haikawii. Ikishapita, anga hutakata na baridi hubaki.

Mpaka wa joto hauna haraka. Hapa hewa ya joto huifuata hewa ya baridi inayorudi nyuma na kuukwea mgongo wake polepole. Mawingu membamba kama nyuzi za pamba hutangulia, pengine siku nzima kabla. Kisha hufuata mawingu mazito zaidi, na mwishowe mvua ya rasharasha inayoweza kunyesha saa nyingi.

Ikiwa hakuna upande unaosonga, huo ni mpaka tuli, na mvua huweza kukaa mahali pamoja siku kadhaa. Kwenye ramani za hali ya hewa, mpaka wa baridi huchorwa kwa mstari wa buluu wenye pembetatu, na wa joto kwa mstari mwekundu wenye nusu duara.

Waliougundua

Maelezo haya yalitoka mjini Bergen, Norwei, kwa mwanasayansi Vilhelm Bjerknes na wenzake. Mwaka 1919 mwanawe Jacob, kijana wa miaka 21, alichapisha mchoro wa jinsi hewa hizo zinavyokutana ndani ya dhoruba. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imemalizika punde tu, nao wakaupa mpaka huo jina la mstari wa mbele wa vita, pale majeshi mawili yanapokabiliana.

Miaka minane kabla ya mchoro huo, Marekani ilikuwa imeonja nguvu ya mpaka wa baridi. Tarehe 11 Novemba 1911, mji wa Oklahoma City ulikuwa na joto la nyuzi 28. Kabla siku hiyo haijaisha, kipimo kilishuka hadi nyuzi 8 chini ya sifuri.

Barani Afrika

Cape Town, Afrika Kusini, hupitiwa na mipaka ya baridi itokayo baharini, hasa kati ya Juni na Agosti, na milima ya mkoa huo wakati mwingine hupata theluji. Karibu na Ikweta mambo ni tofauti. Hewa zinazokutana huko hazipishani sana kwa joto, hivyo masika na vuli za Afrika Mashariki hufuata ukanda ambapo pepo za kaskazini na za kusini hukutana.

Hata hivyo pwani ina mpaka wake mdogo. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari, na hewa ya baharini iliyo baridi kidogo husonga kuelekea bara, ikiinua hewa ya joto iliyo mbele yake. Ndiyo maana alasiri mtu aliyesimama ufukweni huweza kuwa na anga tupu utosini, huku safu ya mawingu meupe imejipanga upande wa bara.