Ukuta Wenye Vyuma Unamzuia Nani?

Ndugu msikilizaji, hivi karibuni nilimwita fundi mwashi anipimie ukuta wa bustani. Nilitaka matofali ya kuchoma yafike magotini, nguzo kila baada ya hatua chache, na katikati ya nguzo fito za chuma. Fundi akacheka. "Mzee, huo ni ukuta au pambo? Panda na tofali mpaka juu, malizia na vipande vya chupa."

Jirani yangu, mama mtu mzima ambaye kwa miaka mingi amepita uani kwangu kwenda kuchota maji, alikuwa anatusikia. Hakusema neno. Kimya chake ndicho kilichonirudisha kwenye vitabu.

Ukuta niliouwazia ni wa kawaida sana mbele ya nyumba za London za karne ya 19: matofali machache, juu yake mawe ya kufunikia, na fito za chuma zilizosimikwa katika vitundu vya mawe hayo. Mafundi walimimina risasi iliyoyeyushwa ili kuzishika. Mwenye nyumba aliona barabara, na wa barabarani aliona maua, lakini kila mmoja alijua mpaka wake.

Je, mpaka huo ulikubalika? Tarehe 23 Julai 1866, chama cha Reform League kiliitisha mkutano katika Hyde Park kudai wafanyakazi wanaume wapewe kura. Serikali ikafunga mageti na kuweka polisi. Umati ukaviegemea vyuma, ukavitikisa, vikaanguka, watu wakamiminika ndani. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria iliyowapa kura wafanyakazi wengi wa mijini. Sisemi kwamba vyuma vilivyoanguka ndivyo vilivyoleta sheria. Nasema tu kwamba waliofungiwa nje siku ile walikuwa wale wale waliofungiwa nje ya Bunge.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1941 serikali ya Uingereza iliamuru vyuma vya majumba na bustani vikatwe vikayeyushwe kwa mahitaji ya vita. Vilivyosalimika ni vile vya kuzuia ajali, na vile vyenye thamani ya kihistoria au ya usanii. Mpaka leo, juu ya kuta fupi za London, utaona visiki vya chuma pale vilipokatwa.

Hapo likatokea jambo ambalo halikukusudiwa. Bustani za mitaa ya wakubwa, ambazo funguo zake walikuwa nazo wakazi wa kuzunguka tu, zikawa wazi kwa kila mpita njia. Mwaka 1944, uzio ulipoanza kurudishwa, mwandishi George Orwell, ambaye alipata kufanya kazi BBC, alilalamika katika gazeti la Tribune kwamba umma unanyang'anywa tena bustani hizo.

Kusini mwa London mambo yalikuwa mengine. Machela za chuma, zilizotengenezwa kwa ajili ya kubebea majeruhi wa mabomu, zilisimamishwa baada ya vita zikawa uzio wa nyumba za halmashauri. Ukizitazama vizuri, utaona mikunjo iliyokuwa miguu yake. Chuma kilichokusudiwa kumbeba jirani kikawa cha kumtenga.

Ndugu msikilizaji, sipingi ukuta. Wezi wapo, na mbuzi hawajui mpaka. Lakini kabla ya kuuliza mifuko mingapi ya saruji, tuulize ukuta unamzuia nani.

Fundi amekwisha chimba msingi. Nilimwambia aruke hatua moja upande wa jirani. Jana mama yule alisimama pale na ndoo yake, akauliza, "Hapa mmesahau?"

Nikamjibu, "Hapana, mama. Hapo ndipo pa kupitia."