“Za” au “wa”? Jina la mfumo wa taarifa za uhasibu

Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, kiko Kivukoni, Dar es Salaam, katika Mtaa wa Shaaban Robert. Jina la mtaa linakifaa, kwani mshairi huyo alikuwa pia karani wa forodha, mtu wa hati na mihuri. Anayesomea uhasibu katika ngazi ya chuo kikuu, hapo au kwingineko, hukutana na somo ambalo jina lake la Kiingereza, Accounting Information Systems, ni nomino tatu zilizobanana bila kiungo chochote. Kiswahili hakikubali mbanano huo. Kila nomino inadai a-unganifu, na a-unganifu hufuata ngeli, kwa hiyo mtafsiri hana pa kujificha: aseme “mfumo wa taarifa za uhasibu” au “mfumo wa taarifa wa uhasibu”. Katika la kwanza, taarifa ndizo za uhasibu. Katika la pili, mfumo wenyewe ndio wa uhasibu. Ninashikilia kwamba “za” ndiyo sahihi, na kwamba sababu yake ndiyo kiini cha somo lenyewe.

Tuanze na “taarifa”, maana lina mshindani. Katika TEHAMA, yaani Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, tulichagua “habari”. Matokeo yake ni kwamba mwaka 2021 serikali ilikuwa na Wizara ya Habari, Mawasiliano na Teknolojia ya Habari: habari ya mwanzo ni ya magazeti na redio, ya mwisho ni ya kompyuta. Mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambamo taarifa ni pamoja na vitu kama jina la mtu na anwani yake, ambavyo mwanafunzi wa mifumo angeviita data. Mhasibu naye akitaja “taarifa za fedha” anakusudia mizania na wenzake, yaani kazi iliyokwisha kufungwa. Neno moja limebebeshwa malighafi na bidhaa. Hata hivyo nalichagua kwa ajili ya asili yake: taarifa ni ndugu wa kuarifu, na kuarifu kunadai awepo wa kuarifiwa. Tarakimu iliyolala ndani ya mashine haijawa taarifa mpaka imsaidie mtu kuamua kama aongeze mzigo au asubiri, akopeshe tena au akatae. Malighafi tuiachie neno data, ambalo limekwisha kuzoeleka.

Sasa twende Kariakoo. Mwenye duka la jumla anamkabidhi mchuuzi robota la vitenge la shilingi 1,000,000 kwa mali kauli: chukua, uza, ulete hela. Daftari la duka liandike nini? Kama wamekubaliana kwamba visipouzika vitarudi, robota bado ni mali ya duka, limehama kibanda tu, na mauzo hayajawapo. Kama wamekubaliana kwamba viuzike visiuzike hela italetwa, mauzo yamefanyika siku hiyohiyo na mchuuzi ni mdaiwa. Robota ni lilelile na mchuuzi ni yuleyule, lakini mizania ni mbili na faida ya mwezi ni mbili. Kinachoamua ni kauli iliyotamkwa kaunta, na aliyeisikia ni muuzaji. Mhasibu hakuwapo, wala programu yake, hata iwe ya bei gani. Kama hati ya kutolea mzigo haina kisanduku cha kuweka alama kwamba mzigo unarudishika au haurudishiki, mhasibu atakisia, na kisio lake litachapwa kwenye karatasi safi lionekane kama ukweli.

Ukisema “wa uhasibu”, umeukabidhi mfumo kwa ofisi moja. Muuzaji atajiona mgeni ndani yake, mtunza stoo vilevile, na tajiri atanunua programu, aifunge kwenye kompyuta ya mhasibu, aamini kwamba amenunua mfumo. Ukisema “za uhasibu”, sifa ya kihasibu inabaki kwa taarifa, na mfumo unabaki wazi kwa wote wanaoulisha: muuzaji, stoo, ujumbe wa malipo ya simu, na mashine ya risiti za kodi, EFD, iliyoanza kutumika nchini mwaka 2010. Ndiyo maana somo hili linashughulika sana na udhibiti wa ndani. Anayepokea fedha asiwe ndiye anayeandika daftari, na anayetunza mzigo asiwe ndiye anayeuhesabu mwisho wa mwezi. Kanuni hiyo haina maana pale ambapo mfumo ni wa mtu mmoja.

Wapo watakaosema “mfumo wa uhasibu” unatosha, na ni mfupi. Ni mfupi kweli, ila tayari una kazi nyingine: hutaja pia njia ya kuandika hesabu, kwa mfano kwa msingi wa fedha taslimu. Wengine watasema vyuo hufundisha kwa Kiingereza, hivyo mjadala huu ni wa bure. Lakini atakayejaza hati ya mali kauli hakupita katika vyuo hivyo, na kisanduku chake kitaandikwa Kiswahili. Pingamizi zito zaidi ni kwamba silabi moja haizuii wizi wala uzembe. Nalikubali hilo, udhibiti hujengwa kwa hati na watu, haujengwi kwa sarufi. Ila jina humwonyesha mwanafunzi pa kuanzia. Aliyefundishwa “wa” atafika dukani na kuulizia kompyuta ya mhasibu iko wapi. Aliyeelewa “za” atakwenda kwanza kaunta, amuulize muuzaji: mlikubaliana nini?